Mechi ya Ugenini Geita na Geti la Mkwe Wangu

Sikwenda Geita kwa ajili ya mpira. Nalisema hilo mwanzoni kabisa ili ninyi wanatawi wenzangu wa timu yetu mnaosoma hapa Shinyanga msije mkaninung'unikia baadaye. Mliniomba niandike namna ya kusafiri kwenda mechi ya ugenini Geita: njia ipi inafaa, gari liegeshwe wapi, na shabiki mgeni ajihadhari na nini. Yote hayo nitayaeleza. Lakini mimi niliwasha gari langu siku ile kwa sababu ya binti yangu Kabula, ambaye nilikuwa na hakika kwamba mume wake amemfanya kitu.

Kabula ameolewa Kalangalala, pale pale Geita mjini, na kijana mchimbaji wa dhahabu anayeitwa Maduhu. Huyo Maduhu sikumwamini tangu siku ya mahari, kwa sababu alikuwa mpole kupita kiasi. Mchimbaji mpole namna ile? Nikajisemea huyu anaficha makucha. Nilikwenda kwao mara moja tu, kwa kualikwa, Kabula alipokuwa na mimba ya kwanza. Siku chache baada ya mimi kurudi Shinyanga, mimba ile ikatoka. Nililia sana, naye akalia, tukaliliana kwenye simu.

Baada ya hapo mwanangu akaanza kunikwepa. Akipiga simu ya video naona paji la uso na dari. Nikisema nakuja, paa linaezuliwa. Nikisema nakuja mwezi ujao, nyumba imejaa wageni. Nikisema basi nitafikia kwa jirani, mume ana homa. Paa gani linaezuliwa masika yote? Na homa gani hiyo inayomwachia mtu nafasi ya kumnong'oneza mkewe majibu? Maana nilikuwa nasikia mnong'ono nyuma yake kila nilipouliza swali.

Sasa mtasema, kwa nini nisipande tu basi nikaenda. Kwetu Wasukuma, kwa anayefuata mila, mama mkwe hajiendei tu kwa mkwe wake. Hamshiki mkono, hali chakula chake, wala haingii getini kwake bila kuitwa. Mimi mila nazifuata. Lakini ratiba ya ligi ilipotoka na nikaona timu yetu inacheza Geita Jumamosi, nilicheka peke yangu dukani kwangu katikati ya magunia ya mchele. Nani atamzuia shabiki kwenda ugenini?

Kabla hatujaondoka kuna jambo moja asiyenifahamu lazima alijue. Wenzangu tawini wananiita Mama Ufundi. Wapenzi wa mpira wanajua kwamba kila timu inasemwa ina "kamati ya ufundi", yaani watu wa mambo ya gizani, wa kufukia vitu langoni na kumloga kipa. Jina hilo nililipata siku moja hapa kwenye uwanja wetu wa nyumbani. Mchanga ulikuwa unachoma, nikavua ndala nyuma ya goli la wageni nikajimwagia maji ya chupa miguuni. Kipa wao akaanza kuokota mipira wavuni kama anayeokota mahindi. Mtu akawa amenirekodi kwa simu. Video ikazunguka, watu wakacheka, nami nikacheka. Aliyenibatiza ni Machibya, katibu wetu wa tawi, mtu wa maneno mengi asiyejua kunyamaza hata msibani. Huku kwetu, mwanamke wa umri wangu akiitwa hivyo si kila mtu anacheka, lakini tawini ulikuwa utani.

Tulitoka Shinyanga Jumamosi alfajiri, gari langu la Noah likiwa na Machibya kando yangu na mashabiki wengine nyuma na ngoma yao. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: dereva akague tairi la akiba yeye mwenyewe, asiambiwe na mtu kwamba lipo. Niliwaambia pia bendera na skafu zikae chini ya viti mpaka tufike. Ukipeperusha bendera tangu Tinde, kila anayekuona anajua siku hiyo nyumba yako haina mtu.

"Mama Ufundi, wewe unamshuku hata mbuzi," akasema Machibya.

"Mbuzi ndiye wa kwanza," nikamjibu. "Anaangalia barabara kana kwamba haioni, halafu anakatiza."

Kahama tuliwahi kabla ya soko kuchangamka, na hilo nawasihi mlizingatie. Ukichelewa pale unakwama kati ya malori na bajaji. Jazeni mafuta Kahama, nendeni haja Kahama, nunueni maji Kahama. Mbele kuna vipande vya vumbi na malori makubwa ya migodini, na dereva wa lori hakuoni mpaka umpigie honi kama mwenye wazimu. Tulifunga vioo. Joto likatubana humo ndani na ngoma yetu ikiwa imewekwa juu ya mapaja ya watu, hakuna aliyepumua vizuri mpaka Bugarama.

Bugarama tulishuka kunyoosha miguu. Ni mji wa watu waliofuata dhahabu. Unasikia Kisukuma, Kiha, Kihaya na Kiswahili cha Dar katika meza moja. Mama ntilie mmoja alituona, akatukaribisha chai na chapati. Hapa mnajua desturi yetu mashabiki: siku ya mechi, chakula cha upande wa wenyeji hakiliwi mpaka kipenga cha mwisho. Mimi nilikuwa nimebeba viazi vyangu vya kuchemsha. Yule mama alipomimina chai kwenye vikombe, nilimwona ameitoa chupa nyuma ya pazia, nikawakonyeza wenzangu. Hakuna aliyekunywa.

Mama ntilie akashika kiuno. "Chai yangu ina nini?"

"Haina kitu, mama. Tuna haraka tu," nikasema.

Akanitazama usoni, kisha akatazama skafu iliyokuwa inachungulia mfukoni mwa Machibya. "Ninyi ni wa Shinyanga? Ndio mna yule bibi mchawi wa maji?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Machibya akaninyooshea kidole kwa madaha yote, "Ndiye huyu hapa!" Nikategemea yule mama naye acheke. Hakucheka. Aliinua vikombe vyake kimoja kimoja, akamwaga ile chai kichakani, akaanza kuvisuuza mara ya pili na ya tatu huku anatupa kisogo. Sisi tulikuwa tumeogopa chai yake, naye alikuwa ameogopa vikombe vyake kwa sababu nilivikaribia. Sikuipenda hali ile. Niliingia garini nikawaambia twende.

Tulifika Geita jua likiwa kichwani. Sasa wale wa maegesho, sikilizeni. Karibu na uwanja kuna vijana waliovaa vizibao vya kung'aa, wanakupungia uingize gari kwenye kiwanja kilichozungushiwa kamba. Sisemi ni wabaya. Nasema nilichokiona: wanapanga magari kwa kubananisha, la kwanza kuingia ndilo la mwisho kutoka. Ukipatwa na dharura katikati ya mechi, utasubiri mpaka wenye magari ya mbele wamalize kushangilia au kulia. Machibya naye alikuwa na sababu zake. Alisema mgeni haingizi gari kwa lango alilofunguliwa na mwenyeji, kwa kuwa huwezi kujua kimefukiwa nini. Ikibidi, aingize kinyumenyume.

"Kinyumenyume tena?" akauliza mmoja wa nyuma.

"Ndiyo. Ukiingia kinyumenyume, dawa inadhani unatoka."

Wote wakaafiki. Nami nikapata upenyo wangu. "Hakuna haja," nikasema. "Nina mkwe Kalangalala. Ana uwanja mzima ndani ya ukuta. Tutaegesha kwake, ninyi mtakwenda uwanjani kwa bodaboda." Nilisema kama wazo lililonijia pale pale. Kumbe nilikuwa nimelipanga tangu ratiba ilipotoka.

Geti la Maduhu ni la bati la buluu, na ukuta wake umepandwa vipande vya chupa juu. Nilipiga honi nikabaki garini. Maduhu akatoka, akalifunga geti nyuma yake haraka, akaja akasimama mbali kidogo kama adabu inavyotaka, akainama, akanisalimu kwa Kiswahili na kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mama. Mwadila, mayu."

"Marahaba, baba. Mwadila. Tumekuja kwenye mpira. Tunaomba kuacha gari ndani."

Akatazama chini. "Ndani pamejaa, mama. Kuna mchanga na saruji, hakuna pa kugeuzia. Labda hapo mbele, kanisani. Mchungaji ni mtu mzuri, anaruhusu."

"Na Kabula?"

"Amekwenda Katoro, mama. Amefuata mzigo wa vitenge sokoni. Atarudi jioni, au kesho."

Jioni au kesho! Mwanamke amekwenda Katoro na mumewe hajui anarudi leo au kesho. Lakini hilo si lililonifanya nishike usukani kwa nguvu. Lile geti lina upenyo upande wa bawaba, na kupitia upenyo ule niliona kamba ya nguo. Gauni la Kabula, lile la maua ya njano nililomshonea mwenyewe, lilikuwa linaning'inia pale na linachuruzika maji. Mchanga na saruji sikuviona. Uwanja ulikuwa mweupe, umefagiwa.

Nikasema, "Asante, baba," nikageuza gari.

Uwanja wa kanisa lile uko upande wa pili wa barabara, hauna ukuta. Niliingia kwa nyuma, Machibya akafurahi kwamba nimeshika mafundisho yake. Mimi niliingia kwa nyuma ili kioo cha mbele kiangalie geti la buluu. Basi na huo ni ushauri pia: egesha gari likitazama barabara, pasiwe na wa kukuziba, na dereva aweze kuondoka bila kuomba ruhusa ya mtu. Wenzangu wakatoa bendera zao, wakapanda bodaboda wakishangilia. Niliwaambia nitawafuata baada ya kupumzika kidogo. Machibya akanikonyeza, sijui kwa nini.

Nikabaki ndani ya gari kama askari. Watu watasema sina haya, kumchungulia mkwe. Haya yangu niliiacha Shinyanga siku ile. Nilikuwa namwona mwanangu amefungiwa chumbani na jino limevunjika. Nilikuwa namwona amezikwa. Mama akianza kufikiria hivyo hakuna kinachomzuia.

Mambo niliyoyaona yalinichanganya zaidi. Mwanamke wa makamo alishuka kwenye bajaji akiwa na kapu na chupa kubwa ya chai, akagonga geti, akafunguliwa, hakutoka. Baadaye kupitia upenyo nikamwona Maduhu mwenyewe amebeba beseni. Akaanza kuanika nguo. Vitenge, khanga, shimizi! Mwanaume wa Kisukuma, mchimbaji, anafua shimizi? Nikajua tayari. Ameoa mwanamke mwingine, wa kudekezwa, na mwanangu ametupwa huko Katoro, nguo zake zinavaliwa na mwenzake. Niliumia mpaka viazi vyangu vikanishinda kumeza.

Kanisani nyuma yangu kwaya ilikuwa imeanza mazoezi. Kinanda kilikuwa na sauti moja iliyokwama, na waimbaji wanaume walikuwa wanakosea pale pale kila wanapofika kwenye kiitikio. Mwalimu wao anapiga makofi, anawarudisha mwanzo. Nikachukua simu nikampigia Kabula.

Akapokea kwa sauti ya chini. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi?"

"Niko Katoro, mama. Niko sokoni, kuna kelele."

Kelele zilikuwepo kweli. Nilisikia kinanda. Nikasikia wanaume wakipanda kwenye kiitikio na kukosea. Mwalimu akapiga makofi nyuma yangu, akapiga makofi na ndani ya simu.

"Kabula," nikasema, "hao wanaume wa kwaya wanakosea. Hata mimi nawasikia."

"Mama, uko wapi?"

"Mbele ya geti lako. Kama umefungiwa, sema nivunje."

Geti likafunguka. Maduhu ndiye aliyetoka kwanza, akavuka barabara, akachuchumaa kando ya mlango wa gari bila kunitazama. "Mama, nisamehe kwa uongo. Sikumfungia. Naomba umsikilize mwenyewe."

Nyuma yake akatoka Kabula. Alikuwa amejifunga khanga mbili na alikuwa anashika mgongo, na tumbo lake lilikuwa kubwa, la mtu aliyebakiza wiki za kuhesabu kwa vidole. Nikashuka mbio nimkumbatie. Mwanangu akarudi nyuma hatua. Akainua mkono, kiganja kikiniangalia, kama mtu anavyozuia gari.

Nikasimama katikati ya barabara ya vumbi. Bodaboda ikanipigia honi ikanipita.

"Ni yeye amekuficha?" nikauliza.

"Hapana mama. Nimejificha mwenyewe."

"Umemkimbia nani?"

Akaanza kulia kabla hajajibu, kwa hiyo nililijua jibu kabla halijafika. "Wewe, mama."

Akaniambia yote akiwa ameegemea geti. Kwamba ile video ilifika Geita zamani. Kwamba majirani walimletea, wakamwuliza kama yule ni mama yake. Kwamba nilipokuja mara ile ya kwanza kulikuwa na joto, nikachota maji nikamwogesha miguu kwa sababu ilikuwa imevimba, na siku chache baadaye mimba ikatoka. Alikuwa amekaa na mambo hayo mawili kichwani mpaka yakawa jambo moja. Yule mwanamke wa kapu alikuwa shangazi yake Maduhu, analeta uji. Maduhu alikuwa anafua kwa sababu Kabula aliambiwa asiiname. Hapakuwa na mwanamke mwingine, ila binti yangu aliyekuwa anajificha nisimwone.

"Sitaki kuamini, mama," akasema. "Ila mtoto huyu hajacheza tangu jana. Na leo wewe umekuja. Ni kweli wanayosema?"

Nilisikia hasira, nilisikia aibu, na nilitaka kucheka pia, kwa namna mambo yalivyokuwa ya kijinga. Nimembeba Kabula huyu mgongoni kwenda Hospitali ya Mkoa akiwa na degedege, na leo ananiuliza kama nimekuja kumla mwanawe. Lakini kuna neno moja lilikuwa limenipita masikioni, nikalirudia.

"Hajacheza tangu lini?"

"Tangu jana mchana."

"Umekwenda kituo cha afya?"

Akatikisa kichwa. "Niliogopa kutoka. Nilijua mechi iko leo, nikajua watu wa kwenu watakuwa mjini."

"Kabula, ile siku nilikuwa nanawa miguu. Mchanga ulikuwa unaniunguza. Sina kingine cha kukuambia, na ukitaka usiamini, usiamini. Lakini ingia kwenye gari sasa hivi. Kaa nyuma na mume wako, usinisogelee, ila ingia."

Akamtazama Maduhu. Maduhu akanitazama mimi, mara ya kwanza tangu aanze kuniita mama, machoni. Kisha akafungua mlango wa nyuma. Mwanangu akapanda kwenye gari la mtu aliyekuwa anamwogopa kuliko wote duniani, akakaa kiti cha mwisho kabisa. Gari lilikuwa linatazama barabara. Tuliondoka bila kumwomba mtu asogee.

Kituo cha afya kilikuwa hakina watu wengi, maana nusu ya mji ilikuwa uwanjani. Muuguzi mkunga alimlaza Kabula, akampima, akamgombeza kidogo, kisha akaweka kifaa cha kusikilizia tumboni. Mimi nilisimama mlangoni. Sikutaka baadaye mtu aseme nilikaribia kitanda. Sijawahi kuomba Mungu kwa namna ile, hata siku baba yake Kabula alipokuwa anakata roho.

"Moyo unapiga vizuri," akasema muuguzi. "Mtoto mzima. Huyu mama hajala, hanywi maji, halali. Mtoto naye anachoka. Mnamuogofya na nini huko nyumbani?"

Wakamwekea dripu, wakasema apumzike pale kwa muda waendelee kumsikiliza mtoto. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi. Maduhu akaja, akakaa benchi la pili, mbali, kama inavyotakiwa.

"Baba," nikamwambia, "nilikudhania mabaya makubwa. Nilidhani umemuua."

"Najua, mama. Hata mimi nilikuwa nakuogopa."

"Nawe uliamini?"

Akasugua viganja vyake vilivyochubuka. "Mimi ni mchimbaji, mama. Kule duarani, yaani shimoni tunakochimba, tunaamini kila kitu. Mtu akipiga mluzi tunatoka duarani wote. Sikuweza kumwambia mke wangu asiamini."

Nilimpenda kwa jibu lile, kwa kuwa halikuwa la kunifurahisha. Mara mji mzima, ambao ulikuwa unanguruma upande wa uwanjani, ukanyamaza ghafla. Nikajua tumefunga.

Jioni muuguzi alimruhusu Kabula, nikawarudisha mpaka getini. Sikuingia. Kabula aliposhuka alisimama karibu na dirisha langu kitambo, kisha yeye mwenyewe akauchukua mkono wangu na kuuweka juu ya tumbo lake kwa muda mfupi sana, kama mtu anayejaribu pasi kama ni ya moto. Halafu akaingia ndani.

Wenzangu niliwachukua uwanjani. Tulikuwa tumeshinda bao moja kwa bila, kipa wa Geita ameteleza mpira ukampita miguuni. Wakanikumbatia, wakanipigia ngoma.

"Mama hakuonekana uwanjani kabisa!" Machibya akapaza sauti. "Nilikuwa nawaambia wenzangu, mnadhani amelala? Yuko kazini!"

Nikawaambia nilikuwa kituo cha afya na binti yangu mjamzito. Wakasema pole, kisha mmoja akauliza kwa unyenyekevu kama ni lazima niende huko kila mechi. Ningekana ningezidi kuharibu. Kama ningekuwepo uwanjani ningekuwa nimeloga, na kwa kuwa sikuwepo ndiyo kabisa. Tulilala nyumba ya wageni, gari tukaliacha ndani ya uzio wake baada ya mimi kuhakikisha mlinzi yupo macho. Mashabiki, msirudi usiku kwa barabara ile. Ushauri huo hauna mjadala.

Jumapili asubuhi tulianza kurudi. Bugarama hatukusimama, mimi ndiye niliyekataa. Kahama nilimwita Machibya kando ya kituo cha mafuta, nikamweleza yote: video, mimba ya kwanza, mwanangu aliyeniinulia kiganja barabarani. Mtu yule asiyenyamaza msibani alinyamaza. Akasema, "Mama Kabula, nisamehe," na mpaka leo hajaniita tena jina lile. Lakini wengine wanaliita, na video bado inazunguka. Niwaambie ukweli wangu: mtu akishakushuku, huna unachoweza kufanya kikamtoa hapo. Nilimshuku Maduhu kwa upole wake. Angekuwa mkali ningemshuku kwa ukali.

Shinyanga tulifika mchana. Niliwashusha wenzangu, nikasimamisha gari nje ya duka langu, nikampigia Kabula kumwambia tumefika salama. Sikutegemea apokee. Alipokea haraka, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kabla ya paa na wageni na homa.

"Mama! Amecheza! Amecheza usiku kucha, hata sasa anacheza!"

Nikafumba macho. "Mungu ni mwema, mwanangu. Kunywa maji kama muuguzi alivyosema."

"Si maji, mama. Ni tangu nilipouweka mkono wako." Akashusha sauti. "Asante kwa ulichofanya."

"Kabula, sikufanya kitu. Muuguzi alisikia moyo wake kabla sijakugusa. Ulikuwepo."

"Ndiyo, mama."

"Sikufanya kitu, unanisikia?"

"Nakusikia. Najua huwezi kusema." Akacheka, kicheko cha mtoto aliyeahidiwa kulindwa. "Siku zikifika uje, mama. Maduhu naye amesema uje. Uje uwepo mlangoni, asinisogelee mtu."

Nilikuwa nimetaka kuitwa na mwanangu kwa muda mrefu, na sasa nilikuwa nimeitwa. Nikasema nitakuja.